Fundi wa Mumbuni na Jamaa Zake Mabingwa wa Dunia

Mabua ya mahindi yakishakauka katika mashamba ya Mumbuni, Machakos, kabla hayajakatwa kupelekewa ng'ombe, hutokea mgeni ambaye wengi hawamtarajii pale. Hulishika bua, akapanda nalo kwa miruko mifupi, akagonga mara tatu nne, akatulia, akagonga tena mahali palepale. Mdomo ukitoka, mara nyingi huwa umebana buu. Huyo ni kigogota kadinali, ndege wa sentimita 14 hadi 16, na uzito wake haufiki ule wa yai la kuku.

Ukoo wake una aina zaidi ya 230 duniani, nao umejaa rekodi: za nguvu, za ulimi, za kelele, za ukubwa na za ufundi. Nimezikusanya hapa zile zinazonivutia zaidi, nikianzia chini ya vilima vya Iveti, kwa sababu naona watu wa Machakos wanapewa simulizi nyingi za simba na ndovu wa mbali huku wakipitwa na bingwa anayelala kwenye tawi bovu la mparachichi wa jirani.

Aliyeenea kuliko wote

Rekodi ya kwanza iko nyumbani. Barani Afrika, kusini mwa Sahara, hakuna kigogota aliyesambaa na kuzoeleka kama kadinali. Utamkuta Senegali, utamkuta Ethiopia, utamkuta Afrika Kusini. Anaepuka tu kiini cha misitu minene ya Kongo na majangwa yasiyo na mti.

Siri yake ni kutochagua. Vigogota wengi hutaka shina nene; yeye huridhika na kijiti cha unene wa kidole, ganda la mbegu linaloning'inia, au hilo bua la mahindi. Pia hapendi upweke. Mara nyingi huandamana na kundi la ndege wadogo wa aina mbalimbali wanaopita mti hadi mti wakitafuta wadudu, na wenzake wakimwona kipanga na kupiga kelele, naye anapata taarifa.

Mtazame dume kwa karibu, kama umebahatika kumpata kwenye nguzo ya ua. Paji la uso ni la hudhurungi, na kuanzia utosini kwenda kisogoni kuna wekundu mkali. Jike hana wekundu huo. Kisogo chake ni cheusi. Kifua ni cheupe kichafu chenye michirizi. Kisha tazama miguu, maana hapo ndipo kazi inapoanzia: vidole viwili vinaelekea mbele na viwili nyuma, kucha zimezama kwenye gome. Mkia nao haupepei hewani. Manyoya yake ya katikati ni magumu na yamechongoka, na ndege ameyakandamiza kwenye nguzo ili yawe mguu wa tatu. Ukimwona anabadilisha mahali, utaona anaruka miguu yote miwili kwa pamoja na mkia unafuata.

Kichwa kinachostahimili kuliko vyote

Swali la kila mtoto anayemwona kigogota kazini ni hili: haumwi kichwa? Madaktari nao waliuliza. Mwaka 1979 Philip May na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha vipimo vya kigogota waliyempiga filamu ya kasi kubwa. Mdomo ulifika kwenye mti kwa kasi ya mita 6 hadi 7 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 20 kwa saa, kisha ukasimama papo hapo. Walikadiria kwamba kichwa kilipata mshtuko unaokaribia mara 1,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Binadamu anaweza kuzimia kwa sehemu ndogo tu ya mshtuko huo. Na ndege huyu hagongi mara moja. Kwa wale wanaofanya kazi kubwa, makadirio yanafika mara 12,000 kwa siku.

Kwa miongo mingi jibu lililotolewa lilikuwa kwamba fuvu la kigogota lina mfupa wa kufyonza mshtuko. Jibu hilo likaingia vitabuni, na wabunifu wa kofia za kujikinga wakaliiga. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake walirudi kwenye suala hilo wakiwa na kamera bora na vigogota wa aina tatu. Walifuatilia nukta kwenye mdomo na nukta kwenye jicho. Kama fuvu lingekuwa linafyonza, jicho lingechelewa kidogo kusimama kuliko mdomo. Halikuchelewa. Kichwa kizima husimama kwa pamoja, kigumu chote. Kinachomwokoa ndege ni udogo wa ubongo wake: kitu chepesi namna hiyo hakisukumwi kwa nguvu ya kukidhuru, hata kikisimamishwa ghafla.

Mimi jibu hili la pili ndilo ninalolipenda, kwa kuwa lina mantiki ya fundi. Mashariki ya Mumbuni, ndani ya kaunti hii hii, kuna Wamunyu, ambako Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa vinyago vya kuuza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mchongaji yeyote wa pale atakwambia kwamba tezo yenye mpini unaocheza haikati; nguvu inaishia mkononi badala ya kuingia kwenye mti. Fuvu linalofyonza pigo lingemfanya kigogota agonge mara nyingi zaidi ili apate shimo lile lile.

Tofauti ni kwamba tezo huhitaji tupa, na mdomo wa ndege hujikuza wenyewe kila unapolika. Tundu za pua zimefunikwa na vinyweleo ili unga wa mti usiingie. Kope ya tatu hufunga jicho kufumba na kufumbua, kabla tu ya mdomo kugusa gome.

Ulimi usiotosha mdomoni

Shimo likishatoboka, kazi inayobaki ni ya ulimi. Kigogota hawezi kuingiza kichwa katika njia nyembamba aliyochimba buu, basi hutuma ulimi peke yake. Kigogota wa kijani wa Ulaya ana ulimi wa takriban sentimita 10. Hakuna nafasi ya kuukunja mdomoni, kwa hiyo mifupa myembamba na misuli inayoushikilia hupita chini ya taya, ikazunguka nyuma ya fuvu, ikapanda utosini, ikaja kuishia karibu na tundu la pua. Misuli ikikaza, ulimi unachomoka.

Ncha hutofautiana kulingana na chakula. Wanaowinda mabuu ndani ya mbao wana vimiba vya kunasia. Wanaokula sisimizi na mchwa wana ulimi wenye mate yanayonata. Kigogota wa Nubi, anayepatikana mabondeni ambako migunga imebaki, ni wa kundi hili la pili, ndiyo maana huonekana akishuka hadi chini kabisa ya shina, na hata ardhini.

Mkubwa, mdogo, na aliyepotea

Aliye mkubwa kuliko wote walio hai ni kigogota wa kijivu wa kusini na kusini-mashariki mwa Asia, anayefika sentimita 58, na uzito wake unaweza kupita nusu kilo. Rekodi ya kweli lakini ni ya ndege wa Meksiko aliyeitwa wa kifalme, wa sentimita 56 hadi 60, mweusi na mweupe, dume lake likiwa na ushungi mwekundu. Alihitaji misonobari mizee ya milimani, na misonobari hiyo ilikatwa, naye aliwindwa. Mwaka 1956 daktari wa meno wa Marekani, William Rhein, alimpiga jike mmoja filamu ya sekunde 85 huko Durango. Tangu hapo hajaonekana kwa uhakika. Sekunde hizo ndizo picha zote za mwendo tulizo nazo za kigogota mkubwa kuliko wote waliowahi kujulikana.

Upande wa pili wapo vigogota vibete. Mmoja wa Amerika Kusini ana sentimita 7 na nusu tu. Afrika tuna wa kwetu, wa takriban sentimita 8, anayeishi katika misitu ya magharibi na ya Kongo na kufika hadi Semuliki, magharibi mwa Uganda. Hana mkia mgumu wa nduguze, na hutambaa kwenye vitawi na mitambaazi ambako ndege mzito asingeweza kukaa.

Ngoma kubwa na ngoma iliyonyamaza

Kugonga kwa ajili ya chakula na kugonga ngoma ni mambo mawili. Ngoma ni tangazo: hapa pana mwenyewe, na anatafuta mwenzi. Ndege huchagua tawi kavu lililo wazi ndani, lenye mlio, na hugonga kwa kasi inayoweza kufika mara 20 kwa sekunde kwa aina fulani.

Ukambani mpiga ngoma hodari ni kigogota ndevu, wa sentimita 24 hivi, mwenye uso mweupe uliokatwa na mistari miwili myeusi, mmoja kando ya koo na mmoja nyuma ya jicho. Ngoma yake haichanganyiki na ya mwingine. Huanza kwa haraka, trrr, halafu hupungua na kuishia kwa mapigo kama manne yaliyotengana, ko, ko, ko, ko. Ukishaisikia mara moja hutahitaji kumwona ili umjue. Ya kadinali ni nyepesi na fupi, na upepo mdogo tu unaimeza.

Wa Nubi yeye hugonga ngoma kwa nadra. Badala yake dume na jike huitana kwa sauti kali, mmoja akianza na mwingine akidakia, sauti ikipanda kisha ikishuka. Asubuhi tulivu mabonde mawili yanaweza kujibizana hivyo kwa muda mrefu.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, akiwamo Matthew Fuxjager, walionyesha kwamba ubongo wa kigogota una sehemu za kuongoza ngoma zinazofanana na zile zinazoongoza nyimbo kwa ndege waimbaji. Kwa hiyo ngoma yake ni wimbo wake, na nadhani wapiga ngoma wa Ukambani hawatashangaa kuambiwa hivyo.

Warembo wa msituni

Kwa rangi, ni lazima Mumbuni ikubali kushindwa. Taji hili linakwenda misituni, na Kenya ina misitu miwili ya kulishindania.

Wa kwanza ni Kakamega, kipande cha mashariki kabisa cha msitu mkubwa wa mvua unaoanzia Afrika Magharibi na kupitia Kongo. Huko juu, kwenye vilele vya miti mirefu, yuko kigogota mwenye utosi wa njano. Dume ana uso mweupe na mweusi, mwili wa kijani kilichofifia wenye madoa, na utosini rangi ya dhahabu ambayo jua likiipiga huonekana toka chini bila darubini. Kenya hayuko popote nje ya misitu ya magharibi, na ukitoka Kakamega kuelekea mashariki humpati tena hadi Bahari ya Hindi. Anashiriki msitu huo na wengine wawili wa Kikongo, mmoja mwenye sikio la hudhurungi na mwingine mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye hupenda kuvunja viota vya sisimizi vilivyo kwenye miti.

Wa pili ni Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, takriban kilomita za mraba 420, msitu mkubwa kuliko yote ya pwani kavu iliyobaki Afrika Mashariki. Mwenyeji wake ni kigogota wa Mombasa. Mgongo ni wa kijani kinachoelekea dhahabu, umenyunyiziwa nukta ndogo nyeupe. Tumbo lina michirizi. Na kisogo cha dume ni chekundu. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1884 na Wajerumani wawili, mmoja wao akiwa Gustav Fischer, daktari aliyekaa Unguja na kusafiri hadi nchi ya Wamaasai. Makazi yake yote duniani ni ukanda wa pwani kutoka kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania.

Kama ningelazimishwa kuchagua mmoja, ningempa taji wa Mombasa. Dhahabu ya yule wa Kakamega iko utosini tu. Ya huyu imeenea mgongoni, na ni ndege wetu wa pwani ambaye mabara mengine hayana.

Waliovuka mipaka

Haya ni ya kupitia haraka. Kule California kuna kigogota anayeweka akiba ya mbegu za mwaloni kwa kutoboa shimo moja kwa kila mbegu, na mti mmoja wa ghala, ukitumiwa na familia vizazi kwa vizazi, unaweza kuwa na mashimo 50,000. Afrika Kusini kuna mwingine aliyeacha miti kabisa, akachimba kiota chake kwenye kingo za udongo. Na mwaka 1995, huko Florida, vigogota walitoboa mashimo yapatayo 200 kwenye povu la tangi la chombo cha anga za juu cha Discovery. Chombo kilirudishwa karakanani, safari ikaahirishwa hadi Julai, na bundi wa plastiki wakawekwa kuwatisha ndege.

Mjenzi wa nyumba za wengine

Nimeiacha mwisho rekodi ninayoiona kubwa kuliko zote. Hakuna ndege wanaowajengea wengine nyumba nyingi kama vigogota.

Kadinali huchimba kiota chake mwenyewe kwenye mti uliokufa au tawi lililooza ndani, na dume hubeba sehemu kubwa ya kazi. Mlango ni mdogo, ndani kuna chumba kinachoshuka. Mayai ni meupe tupu, kwa kawaida mawili au matatu, na huanguliwa kwa siku 10 hadi 13 tu, muda mfupi sana kwa ndege. Kuku anataka siku 21. Usiku anayeatamia ni dume. Vifaranga hukaa ndani karibu wiki nne kabla ya kutoka.

Wakishatoka, nyumba hubaki. Ndipo huja wapangaji: kwezi wa zambarau, mdiria wa mistari anayekula panzi, shomoro, na bundi mdogo mwenye madoa ambaye hana mdomo wa kutoboa hata karatasi. Wote hawa hutaga kwenye matundu, na wengi wao hawawezi kuyachimba. Hata mmoja wa ukoo wenyewe, yule wa koo jekundu anayepindapinda shingo akishikwa, hutegemea matundu ya wengine.

Wapo pia wapangaji wabaya. Ndege viongozi wa asali, ambao wazee wa Ukambani wanawajua vizuri kwa kazi ya kuwapeleka watu kwenye mizinga, ni ndugu wa karibu wa vigogota. Mmoja wao, mwenye koo la magamba, hutaga mayai yake hasa kwenye viota vya vigogota na kuwaachia kazi ya kulea.

Sasa tuje kwenye mti. Machakos ina rekodi yake katika jambo hili. Miaka ya 1930 wakaguzi wa kikoloni waliandika kwamba nchi hii imekwisha, udongo umesombwa na vilima viko uchi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha kinyume: watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, lakini mmomonyoko ulipungua na miti ikawa mingi kuliko awali. Picha za mwaka 1937 zilipolinganishwa na za 1991, zilizopigwa mahali palepale, zilionyesha matuta na miti pale palipokuwa na makorongo. Kazi hiyo ilifanywa kwa majembe, na sehemu kubwa ilifanywa na vikundi vya kina mama. Kila nikiipita ile milima yenye matuta ya fanya juu naona fahari.

Ila miti mingi tuliyopanda ni migrivilea na mikaratusi, na asili ya yote miwili ni Australia, bara ambalo halina kigogota hata mmoja. Tena tunaipogoa kila mwaka, na mti ukianza kukauka hatuuachi ufike msimu wa pili. Kuni ni kuni, na silaumu nyumba inayohitaji kupika. Lakini kadinali hawezi kuchimba kwenye mti mzima wenye utomvu. Anataka ule unaooza. Shamba lenye miti 100 ya kijani bila hata mmoja mkavu halina nafasi ya kiota chake, na palipokosekana kiota chake pamekosekana pia cha kwezi na cha bundi anayetukamatia panya.

Basi nawaomba wenye mashamba Mumbuni, Mutituni, Mua na kote Machakos: mparachichi mzee, mgunga au mwembe ukifa mpakani, mbali na nyumba na njia ya watoto, ukate matawi ya kuni na uache shina lisimame, walau urefu wa mtu mara mbili. Wasioweza hivyo waache tawi moja nene lililokauka juu ya mti ulio hai. Na atakayemwona ndege amepata mlango kwenye shina hilo aandike tarehe na mahali, kisha apeleke taarifa kwa mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao hupokea kumbukumbu za mtu yeyote. Kadinali atakayehamia humo atakuwa na mayai ndani ya majuma machache, na mabua yenu yatapata mlinzi asiyedai mshahara.